Bi Tulia, Mkono Usiotikisika

Zamani mtu alipigwa picha moja akaitunza miaka hamsini. Siku hizi anapigwa hamsini kabla ya chai, na jua likizama hana hata moja. Marehemu tunayemzika leo alikuwa mtu wa zamani hiyo. Jina lake la kwenye cheti limeandikwa kwenye jalada la kijitabu hiki, na wengi wenu mmelisoma leo kwa mara ya kwanza, kwa sababu mlimjua kama Bi Tulia. Basi hapa tutamwita hivyo hivyo.

Bi Tulia alizaliwa tarehe 14 Juni 1946, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mama aliyefua nguo za watu. Baada yake walizaliwa wawili. Wa katikati alifariki akiwa mchanga, na wa mwisho ni mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu. Nyumba ile ilitikisika kila gari moshi lilipopita. Vikombe viligongana kabatini, na picha ya babu ikahama ukutani mpaka ikakaa upande kama mlevi. Mama alikuwa akisema kwamba watoto wa wenzake hulala wakibembelezwa, wake hulala nyumba ikitetemeka.

Alianza shule ya msingi Januari 1954 akamaliza Novemba 1961. Alikuwa hodari wa hesabu na wa kuchora. Nafasi ya sekondari aliipata, lakini shule ya wasichana ilikuwa ya bweni, na baba hakutaka binti yake alale mbali na macho yake. Neno hilo lilisemwa mara moja mezani, halikurudiwa. Bi Tulia hakulia. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma, akarudi, akaosha vyombo. Tangu siku hiyo hakumwomba tena mtu ruhusa ya kujua kitu.

Mtaa wa pili kutoka stesheni kulikuwa na studio ya picha, yenye pazia la bluu, taa mbili na kiti kimoja cha kuzunguka. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi, mkali, ambaye watu walimwita Mwenye Kiza, kwa kuwa nusu ya maisha yake aliyamalizia katika chumba cha giza akisafisha filamu. Machi 1964 Bi Tulia aliajiriwa hapo kufagia na kupokea wateja. Kamera hakuigusa. Alipochoka kuitazama kwa mbali, akamwambia mzee amfundishe. Mzee akaichukua, akatoa filamu kwanza, ndipo akampa.

"Shika."

Akashika.

"Huo si mshiko, huo ni mkono wa ombaomba. Viwiko vishuke viguse mbavu. Mkono wa kushoto uende chini ya lenzi, uibebe. Paji la uso liegemee kamera. Tanua miguu kidogo. Sasa vuta pumzi, itoe nusu, ukae hapo hapo."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka nichoke mimi. Na hicho kitufe hakidonolewi kama kuku na punje. Kinabanwa taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto."

Ndani ya kioo cha kuangalizia kulikuwa na duara dogo lililopasuliwa katikati. Ukimtazama mtu kwa kioo hicho, jicho lake linakuwa vipande viwili, cha juu kimekwenda huku na cha chini kule. Unazungusha pete ya lenzi polepole mpaka vipande vikutane na jicho liwe jicho. Mwenye Kiza alimfundisha kulenga jicho lililo karibu na kamera. Hakutaka pua, wala shada la maua mkononi. "Jicho likiwa na ukungu," alimwambia, "hata vifungo ving'ae namna gani, umepiga picha ya shati."

Kamera haikuruhusiwa kutoka studio. Nyumbani kulikuwa na pasi ya mkaa, na uzito wake ulikaribiana na wa kamera. Jioni moja mama alimkuta binti yake amesimama katikati ya sebule, viwiko mbavuni, pasi tupu imegusa jicho.

"Mwanangu, hiyo ni pasi."

"Najua, mama. Nangoja gari moshi."

Mama akamtazama baba. Baba akaendelea na gazeti lake. Gari moshi likaja, sakafu ikatetemeka, vikombe vikaanza ugomvi wao kabatini, na pasi ikabaki pale pale ilipokuwa. Baba akainua macho kidogo juu ya gazeti. "Ukishapiga hiyo picha," akasema, "ninyooshee na shati langu."

Alifanya hivyo kila jioni, mwaka hadi mwaka. Watu siku hizi hufikiri kwamba kipaji huanguka kutoka juu kama embe bivu. Huyu kipaji chake alikibeba mkononi kama pasi, mkono ukauma, akabadilisha mguu wa kuegemea, akaendelea.

Mwaka 1966 Mwenye Kiza alimruhusu kuwapiga wateja picha. Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Kila mara kabla ya kubana kitufe, midomo yake ilitamka neno moja kwa sauti ya chini: "Tulia." Mteja akasikia, akajikaza, akaacha kupepesa macho. Watoto walionyamazishwa bila mafanikio na shangazi zao walinyamaza kwa neno hilo. Mtaani wakaanza kusema, nenda kwa Bi Tulia, na studio yenyewe ikapoteza jina lake la ubaoni.

Si wote waliopenda. Siku moja alikuja afisa mmoja mwenye sare na nyota mabegani, kupigwa picha ya ofisini. Akakaa, akakunja uso. Bi Tulia akalenga jicho, akatoa pumzi nusu, akasema, "Tulia."

"Wewe binti, unamwambia nani atulie?"

Bi Tulia akabana kitufe. Alipotoa kichwa nyuma ya kamera akamwambia, "Tayari, mkubwa. Njoo Ijumaa." Picha ile ilikaa ukutani mwa ofisi ya yule afisa mpaka alipostaafu, na watu walisema ndiyo picha pekee ambayo ameonekana ana hasira za kweli. Bi Tulia alipoulizwa kwa nini hakumwomba radhi, alicheka tu. Aliwaacha watu waamini walichoamini.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na studio, palikuwa na kibaraza cha fundi cherehani. Huyo alikuwa mrefu, mwembamba, na kicheko chake kilivuka barabara bila kungoja magari. Alianza kuja studio kushona pazia la bluu lililochanika. Pazia likashonwa, likachanika tena kwa namna isiyoeleweka, likashonwa tena. Mwenye Kiza akachoka. "Fundi," akamwambia, "muoe huyu mtoto uniachie pazia langu." Walifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1971, na ndoa hiyo ilidumu mpaka juzi.

Picha ya harusi alipiga Mwenye Kiza mwenyewe. Mwanga wa taa mbili ulikuwa mdogo, kwa hiyo pazia dogo la ndani ya kamera, linalopitisha mwanga kwenye filamu, lilipaswa kukaa wazi kwa muda wa mtu kutamka jina lake. Bibi harusi alitulia kama msumari ndani ya ubao. Bwana harusi akacheka. Picha ilipotoka, bibi harusi alihesabika hadi kope, na bwana harusi alikuwa na vinywa viwili. Mwenye Kiza alitaka kuichana. Bi Tulia akamnyang'anya, akaitia fremu, akaitundika sebuleni.

Wageni walikuwa wakiuliza, "Huyu wa pembeni nani, jini?"

"Ni mume wangu. Bado hajatulia."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa jambo lililomshughulisha maisha yake yote. Katika miaka iliyofuata alipiga picha za vitambulisho, za madarasa, za timu za mpira, za ndoa zilizodumu na zilizovunjika. Mwenye Kiza alipostaafu mwaka 1983 alimwachia studio na funguo zake. Hapakuwa na uso uliomshinda, isipokuwa mmoja. Fundi hakuweza kusikia neno "tulia" bila kucheka, na akicheka mwili mzima ulicheka, mabega na masikio. Bi Tulia alijaribu kumpiga picha kamera ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Hapo fundi alinyooka kweli, lakini uso ukawa wa kitambulisho, uso wa mtu anayengoja kuulizwa anakwenda wapi.

"Huyu simjui," Bi Tulia alisema akitazama picha. "Mimi niliolewa na yule anayecheka. Nitampata akicheka, na atakuwa na kinywa kimoja."

"Shika adabu, mke wangu," fundi akamjibu. "Kinywa kimoja hakinitoshi."

Kisha dunia ikageuka. Kwanza zilikuja mashine za kusafisha picha za rangi kwa saa moja, na chumba cha giza kikawa stoo. Halafu zikaja simu. Desemba 2008 Bi Tulia alifunga studio. Pazia la bluu alilikunja, likawa shuka ya kufunikia cherehani. Wajukuu walimpa simu zao wakamwambia, "Bibi, bonyeza tu hapo." Akaweka viwiko mbavuni, akatanua miguu, akatoa pumzi nusu. Wakaanguka kwa kicheko: "Bibi, si bunduki hiyo." Picha aliyowapiga ndiyo pekee ya siku ile ambayo nyuso zote zilionekana, na waliifuta mwezi huo huo kupata nafasi ya wimbo. Hayo yameandikwa hapa kwa sababu wahusika wako hapa, na bibi yao hakuwahi kuwaambia kwamba aliumia.

Mwishoni mwa mwaka 2013 mkono wake wa kulia ulianza kucheza wenyewe akiwa ameketi. Kwanza kidole, kisha kiganja, kisha kijiko kikawa kinagonga sahani kama vile vikombe vya utotoni. Daktari alisema ni maradhi ya mishipa ya fahamu, kwamba dawa itapunguza lakini haitaondoa, na kwamba tangu sasa asibebe vitu vinavyovunjika.

"Basi nitabeba kamera," Bi Tulia akamwambia. "Hiyo haijawahi kuvunjika."

Watu wa nyumbani walidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kwa miaka mingi mkono wake ulikuwa umetulia na mume akatikisika. Sasa mume alikuwa mzee, magoti yamemkatalia, anakaa kwenye kiti cha mlangoni kutwa nzima. Mkono ndio uliokuwa ukienda. Bi Tulia aliona kwamba ikiwa hatampata fundi sasa, hatampata tena, na picha pekee ya furaha ya mume wake itakuwa ile ya jini mwenye vinywa viwili. Akaamua kwamba haitakuwa hivyo.

Akaanza upya kama msichana wa miaka kumi na minane. Akaitafuta pasi ya mkaa uvunguni, akasimama sebuleni nayo. Binti yake mkubwa akaificha.

"Mama, itakuangukia mguuni."

"Rudisha pasi yangu."

"Mama, tafadhali. Daktari amesema—"

"Daktari amesema mkono una ugonjwa. Hakusema mimi nina uvivu. Rudisha."

Pasi ikarudishwa. Alisoma maradhi yake kama alivyosoma mwanga. Akagundua kwamba mkono hautetemeki sawa wakati wote. Una mawimbi, na baina ya wimbi na wimbi kuna nafasi ndogo. Akagundua kwamba dawa ya asubuhi humpa kipindi cha utulivu kabla ya jua la mchana. Akafunga kamba chini ya kamera, ncha ya pili akaikanyaga kwa mguu, akaivuta juu mpaka ikakaza, na kamera ikawa na mguu mmoja usioonekana. Mgongo akauegemeza kwenye mhimili wa mlango. Kiti cha fundi akakiwekea alama ya chaki sakafuni, ili lenzi iwe imekwisha kulenga kabla mkono haujachoka. Akamweka karibu na mlango ulio wazi, penye mwanga mwingi, ili pazia la kamera lifunguke na kufungika upesi kuliko kicheko.

Zilikuwa zimebaki filamu mbili kwenye jokofu la binti yake, nyuma ya maziwa. Ya kwanza aliipiga akaimaliza. Mjini hapakuwa na mtu anayesafisha filamu tena, wale vijana wa maduka ya simu waliishika wakauliza inachajiwa wapi. Kwa hiyo aliisafisha mwenyewe bafuni, na mdogo wake akaitwa kumsaidia kupima maji na dawa. Kopo la kusafishia linatakiwa kutikiswa ili dawa ienee. Mdogo wake alinyoosha mkono kulichukua.

"Acha," Bi Tulia akasema. "Kazi hii mkono wangu umezaliwa nayo."

Walicheka wote wawili mle bafuni mpaka fundi akauliza huko kuna nini. Lakini filamu ilipotundikwa ikauke, vicheko vikaisha. Picha zote zilikuwa na ukungu. Katika moja fundi alikuwa na masikio matatu. Bi Tulia aliziangalia kwenye mwanga wa dirisha, moja baada ya nyingine, bila haraka. Akasema, "Nilivuta pumzi nilipotakiwa kuitoa." Akamfundisha mdogo wake kuandika vipimo vya dawa kwenye kopo lenyewe, asije akavisahau, na kesho yake akasimama tena na pasi.

Filamu ya pili hakuimaliza. Alipiga picha moja tu, mwaka huu. Wiki iliyofuata alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, akaomba kurudishwa nyumbani, akarudishwa. Alifariki asubuhi ya tarehe 22 Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mume wake ameushika mkono wa kulia. Fundi anasema mkono ulitetemeka mpaka mwisho, naye hakuuachia.

Ameacha mume, mabinti wawili na mwana mmoja, wakwe zake, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na mdogo wake. Ameacha pia kamera, ambayo familia imekubaliana haitauzwa wala kuwekwa kabatini kama pambo. Yeyote anayeitaka aje kwanza ashike pasi.

Juzi mdogo wake aliingia bafuni na kopo, akafuata vipimo vilivyoandikwa juu yake, akaisafisha filamu ile ya mwisho. Picha mnayoiona nyuma ya kijitabu hiki ndiyo iliyotoka. Itazameni vizuri, msiipitie kama mnavyopitia za kwenye simu. Jicho la fundi lililo karibu na kamera, utaona ndani yake mlango, na mlangoni utaona kivuli cha mtu mwenye viwiko mbavuni. Nyuzi za kola zinahesabika. Na fundi anacheka, kicheko chake chote, mabega na masikio. Kinywa ni kimoja.

Bi Tulia hakuiona. Na kwa kuwa watu wameuliza fundi alikuwa anacheka nini, jibu liko katika mara ya mwisho mdogo wake kumwona dada yake akiwa amesimama.

Ilikuwa asubuhi, dawa imeanza kufanya kazi. Fundi alikuwa kwenye kiti chake juu ya alama ya chaki. Bi Tulia aliegemea mhimili wa mlango, kamba imekazwa chini ya mguu. Akalenga jicho. Mkono ukaja na wimbi lake, akalingoja lipite. Akatoa pumzi nusu. "Tulia," akasema.

"Mama watoto," fundi akamjibu kwa huzuni, "miaka yote hii unaniambia nitulie, na mimi siwezi. Leo nimejitahidi lakini mdomo unanitoka. Nisamehe."

Bi Tulia hakutoa jicho kwenye kioo. "Nani amekuambia wewe?"

"Si umesema tulia?"

"Nauambia mkono wangu."

Fundi akatazamana na shemeji yake.

"Tangu lini, dada?" mdogo wake akauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Mwenye Kiza alikuwa ananitisha, mkono ukawa unacheza, nikawa nauambia utulie. Nyinyi mkadhani nawaambia watu."

"Na yule afisa mwenye nyota?"

"Yeye alijitia tu kwenye mazungumzo yasiyomhusu."

Hapo fundi akapasuka. Alicheka mpaka kiti kikalia, akicheka miaka arobaini na minane yote kwa pamoja, na katikati ya kicheko hicho kikasikika kile kilio kidogo cha pazia la kamera, mara moja tu.

Bi Tulia akashusha kamera. Mkono ukaanza kucheza tena, akauacha ucheze.

"Umempata?" mdogo wake akamuuliza.

"Filamu haisemi siku hiyo hiyo," akasema. "Yeye sijui kama ametulia. Mimi nimetulia."

Atulie kwa amani.